Umezimwa, Umezimika au Haufikiki? Kauli za Kitenzi na Utatuzi wa Hitilafu za Intaneti ya Waya: Mfano wa Silibwet

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna msemaji wa Kiswahili anavyoweza kueleza hitilafu ya intaneti ya waya katika kompyuta ya mezani inayotumia mfumo wa Linux. Hoja yetu ni kwamba usemi wa jumla kama vile "mtandao uko chini" hufunika makosa mengi yaliyo tofauti na kumfanya fundi atafute mahali pasipostahili, ilhali minyambuliko ya kitenzi cha Kiswahili ina uwezo wa kuyatenga makosa hayo moja baada ya jingine. Mfano uliotumika ulitokea Silibwet, Kaunti ya Bomet.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa nomino. Tumebishana iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Iwapo kifaa kinachoshikwa mkononi ni kipanya au puku. Iwapo ukurasa unafunguliwa kwa kivinjari au kwa kisakuzi. Mabishano hayo yana faida yake, na mwandishi wa makala haya ameyashiriki kwa furaha. Hata hivyo, mtu aliyeketi mbele ya mashine iliyokataa kufanya kazi hahitaji nomino peke yake. Anahitaji kitenzi. Anataka kusema ni nini kimetendeka, na nani au nini kimekitenda.

Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zilizokuwa na menyu kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa. Ilionyesha kwamba msimbo ulio wazi humruhusu mtu yeyote kutafsiri bila kungoja hisani ya mwenye kampuni. Lakini menyu ni sehemu nyepesi ya kazi hiyo. "Fungua", "Hifadhi" na "Chapisha" ni vitenzi vya amri, na mtafsiri huvipata mara moja. Ugumu huanza pale mashine inapolalamika.

2.0 Mahali na kisa chenyewe

Silibwet ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Bomet, si mbali na mji wa Bomet wala na hospitali ya Tenwek. Wakazi wengi wa pembeni mwake ni wakulima wadogo wa chai. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda nyanda hizi za Kericho na Bomet, na matokeo yake ni ngurumo, radi na mvua ya mawe nyakati za alasiri. Mkulima huhofia mawe kwa sababu ya majani ya chai. Mwenye kompyuta huhofia radi, kwa kuwa nguvu yake hupita katika nyaya za umeme na hata katika nyaya ndefu za mtandao.

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kuhudumu Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu, na gharama yake ilikuwa kubwa. Tangu hapo faiba imesambaa hadi miji midogo. (Wenzetu wa Tanzania huuita mfumo wao mkuu wa nyaya hizo mkongo, sisi huku tumeng'ang'ania faiba, na sioni dalili ya kuliacha neno hilo.) Katika vituo kama Silibwet, mahali pa kuhudumia umma huwa ni chumba kimoja, kompyuta moja au mbili zilizokwisha kutumika kwingine, mashine ya kuchapa na benchi la wanaosubiri. Baadhi ya wenye vyumba hivyo wamechagua Linux kwa kuwa haidai ada ya leseni na hufanya kazi vyema katika mashine kuukuu.

Nilifika katika chumba cha namna hiyo siku moja ya Aprili, mwendo wa saa kumi na moja jioni. Radi ilikuwa imepiga kati ya saa saba na saa nane mchana, umeme ukapotea na kurudi. Benchi lilikuwa na watu watatu. Mmoja wao alikuwa msichana aliyetaka kutuma fomu ya mkopo wa masomo ya chuo kikuu, na fomu hiyo ilikuwa ifungwe saa sita usiku huohuo.

"Mwalimu, mtandao uko chini tangu saa nane," kijana aliyehudumu aliniambia.

Alikwisha kumwandikia mwenye kuuza huduma ya intaneti kwa maneno hayohayo, naye akajibiwa kwamba laini haina tatizo. Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Kwa muda wa saa tatu, kila upande ulimwona mwenzake kuwa mkaidi.

3.0 "Mtandao uko chini"

Usemi huu ni tafsiri sisisi. Katika Kiingereza, kifaa kilicho "chini" ni kifaa kisichofanya kazi. Katika Kiswahili, kilicho chini kiko mahali pa chini. Tumeuzoea, na simwombi mtu yeyote auache anapozungumza sokoni. Tatizo lake kwa fundi ni jingine: hausemi lolote juu ya chanzo. Fauka ya hayo, nomino yenyewe, mtandao, hubeba mambo matatu katika matumizi ya kila siku: mawimbi ya simu ya mkononi, mtandao wa ndani unaounganisha mashine za chumba kimoja, na intaneti kwa jumla. Kijana alipoandika "mtandao", alikuwa akifikiria kompyuta yake. Aliyepokea ujumbe alifikiria faiba iliyo juu ya nguzo.

Katika sehemu zifuatazo, neno mtandao litatumika kwa maana ya mtandao wa ndani, na intaneti kwa ule wa nje. Ruta ni kisanduku kinachounganisha mitandao hiyo miwili.

4.0 Kuzimwa na kuzimika

Uchunguzi wa intaneti ya waya huanzia kwenye waya. Nyuma ya kompyuta, kando ya tundu la kuchomekea kebo, aghalabu kuna taa ndogo mbili. Taa zikiwa giza ilhali kompyuta na ruta zote mbili zimewashwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ishara ya umeme haipiti, na hakuna haja ya kubadili mpangilio wowote katika skrini. Kanuni hii ingefuatwa, kisa chetu kingekuwa kifupi.

Linux yenyewe hueleza hali hiyo. Katika dirisha la amri, mtumiaji huandika:

ip link

Mashine hutoa orodha ya violesura vyake vya mtandao. Cha kwanza huitwa lo. Hicho ni cha mashine kujisemesha yenyewe, nacho hakitusaidii hapa. Kiolesura cha waya kiliitwa eth0 katika mifumo ya zamani. Tangu mabadiliko ya mwaka wa 2013, mifumo mingi hukipa jina linalotokana na mahali kadi ilipochomekwa, kwa mfano enp3s0. Wengi waliojifunza kwa vitabu vya zamani huandika eth0, wakaambiwa kifaa hicho hakipo, wakadhani kadi imekufa.

Sasa tuje kwenye neno linalotuhusu. Mbele ya jina la kiolesura huweza kuandikwa state DOWN. Hapa ndipo Kiingereza chenyewe kinapotumia neno moja kwa mambo mawili, na mtafsiri asiyejua mashine atafuata nyayo hizo. Ikiwa ndani ya mabano ya pembe kuna neno UP pamoja na NO-CARRIER, maana yake kiolesura kimewashwa lakini hakipokei ishara yoyote kutoka kwenye waya: kebo imechomoka, imekatika, au upande wa pili umekufa. Ikiwa neno UP halimo kabisa ndani ya mabano, basi kiolesura kimefungwa kwa amri, na mtu au programu fulani ndiyo iliyokifunga.

Kiswahili kina njia ya kuzitenga hali hizi mbili bila kuunda istilahi hata moja. Hali ya pili ni ya kauli ya kutendwa: kiolesura kimezimwa. Kutendwa hudai mtendaji, hata asipotajwa, na kwa hivyo msikilizaji hujiuliza papo hapo, "Kimezimwa na nani?" Jibu la swali hilo ndilo dawa, kwani aliyezima aweza kuwasha:

sudo ip link set enp3s0 up

Hali ya kwanza ni ya kauli ya kutendeka: kiungo kimezimika. Hakuna anayelaumiwa. Kilichotokea kimeonekana katika hali ya kitu chenyewe, kama vile moto unavyozimika kwa kukosa kuni. Hapa amri ya kuwasha haitasaidia kitu, na mtu ataiandika mara kumi bila kuona badiliko. Lazima ainame chini ya meza.

Jambo la kuongezea ni kiolesura kutoonekana kabisa katika orodha. Hakijazimwa wala hakijazimika. Kiini cha Linux hakikitambui. Amri ya lspci huonyesha iwapo kadi yenyewe inaonekana. Ikionekana, kinachokosekana yamkini ni kiendeshi chake. Isipoonekana, kadi imelegea, imeharibika, au imefungwa katika mipangilio ya msingi ya mashine.

Kwa upande wa Silibwet, ip link ilitoa NO-CARRIER. Kiungo kilikuwa kimezimika. Waya iliyotoka kwenye kompyuta ilipita ukutani hadi kwenye ruta iliyokuwa duka la jirani, umbali wa mita kumi na tano hivi. Urefu huo si tatizo, kwani kebo za kawaida za Etheneti huruhusiwa kufika mita 100. Tulileta waya nyingine fupi tukaibeba kompyuta hadi kwenye ruta. Katika tundu la kwanza, lililotumika siku zote, giza. Tukahamisha kwenye tundu la pili, taa zikawaka. Kisha tuliirudisha waya ndefu, tukaichomeka katika tundu hilohilo la pili, taa zikawaka pia. Hivyo waya ilikuwa nzima na kadi ilikuwa nzima. Tundu la kwanza la ruta lilikuwa limeungua, na aliyelitembelea alikuwa radi.

Tazama kwamba tulibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama tungebadilisha waya na tundu kwa pamoja, taa zingewaka vilevile, lakini tungebaki tukishuku waya isiyo na kosa.

5.0 Jumbe nne zinazofanana

Taa ziliwaka, lakini ukurasa wa fomu haukufunguka. Msichana alitutazama, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Ili kuelewa kilichofuata, hatuna budi kuzieleza jumbe ambazo amri ya ping hutoa. Ping hutuma pakiti ndogo kwa mashine nyingine na kungoja zirudi. Ikishindwa, huandika mojawapo ya kauli kadhaa, na tafsiri ya haraka ya zote ni "haipatikani". Hapo ndipo maarifa hupotea.

Ujumbe wa kwanza ni Network is unreachable. Huu hutolewa papo hapo, bila kungoja. Kompyuta imetazama orodha yake ya njia na haikuona njia yoyote inayoelekea kwenye anwani iliyotajwa. Kwa hiyo pakiti haikutoka hata mlangoni. Kitenzi kinachofaa ni cha kutendeka kwa kukanusha: mtandao huo haufikiki. Si kwamba haukufikiwa, kwani hilo lingemaanisha kuwa safari ilijaribiwa. Tofauti kati ya haufikiki na haukufikiwa ni tofauti kati ya mto usio na daraja na msafiri ambaye hakuvuka. Mwenye shaka aandike ip route. Mstari unaoanza na neno default ndio unaotaja lango la kutokea nje, na usipokuwepo, intaneti haifikiki.

Ujumbe wa pili ni Destination Host Unreachable. Kiingereza kimetumia tena sifa ileile, lakini jambo ni jingine. Njia ipo, mashine inayotafutwa imeitwa, nayo haikuitika. Pendekezo letu ni mashine haiitiki. Mbele ya ujumbe huo huandikwa anwani ya anayetoa taarifa. Ikiwa ni anwani ya kompyuta yako mwenyewe, aliyekaa kimya ni jirani, na mara nyingi jirani huyo ni ruta. Ikiwa ni anwani ya mwingine, tatizo liko mbele zaidi.

Ujumbe wa tatu si ujumbe, ni ukimya, na mwishoni hesabu kwamba asilimia 100 ya pakiti zimepotea. Hapa naona Kiswahili kikiweza kusema kweli kuliko lugha iliyotafsiriwa. Kompyuta haijui kama pakiti zimepotea. Yawezekana zilifika, na majibu ndiyo yaliyopotea; yawezekana pia zilifika mahali ambapo mlinzi huzitupa makusudi. Inachojua ni kwamba hazikurudi. Basi na tuandike: pakiti zote hazijarudi.

Wa nne ni Temporary failure in name resolution. Hapa njia yaweza kuwa nzima kabisa. Kilichoshindikana ni kulibadilisha jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu. Jaribio lake ni rahisi: piga ping kwa tarakimu, tuseme 8.8.8.8, kisha kwa jina. Tarakimu zikijibu na jina lisijibu, waya na ruta havina hatia. Chunguza seva ya majina kwa amri ya resolvectl status, au katika faili la /etc/resolv.conf. Kulitafsiri neno la kwanza la ujumbe huu kama "kwa muda" kumewapotosha watu wakangoja litengemae lenyewe. Afadhali kusema jina halijatambulika kwa sasa.

Turejee chumbani. Niliandika ping 192.168.1.1, ambayo ndiyo iliyokuwa anwani ya ruta ile. Jibu: Network is unreachable. Ruta iliyo ukuta wa pili haifikiki! Jambo hili lilishangaza, kwani taa zilikuwa zikiwaka. Amri ya ip addr ikatoa siri. Kompyuta ilikuwa na anwani 192.168.0.20, yaani ya mtaa mwingine, wala lango halikuandikwa popote. Kijana alikiri kwamba, katika saa tatu zile za kuhangaika, alikuwa amefungua mipangilio na kuandika anwani kwa mkono, kwa kukumbuka ile aliyowahi kuiona mahali pengine. Kosa la pili lilikuwa limezaliwa na matibabu ya la kwanza. Sikumlaumu, nami nimewahi kufanya vivyo hivyo, tena mbele ya wanafunzi.

Kwa kawaida anwani hupewa kompyuta na ruta. Kwa hiyo kitenzi chake ni cha kutendewa: mashine imepewa anwani. Hiyo ndiyo hali ya kutamaniwa. Mashine ikikosa kupewa, katika baadhi ya mipangilio hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na kiambishi -ji- kinatosha kumwonya fundi kwamba ruta haikuhusishwa. Hali ya tatu ni hii ya kijana wetu: imeandikiwa anwani. Kupewa, kujipa na kuandikiwa: mwanafunzi wa kidato cha pili huzijua kauli hizi, na hakuna kamusi ya istilahi inayohitajika ili azitumie.

Tulirudisha mpangilio uwe wa kupewa, tukafuta anwani iliyoandikwa, tukaufunga muunganisho na kuufungua upya kwa nmcli. Ip addr ikaonyesha 192.168.1.14. Ruta ikajibu, 8.8.8.8 ikajibu, jina likajibu. Saa mbili kasorobo usiku fomu ya msichana ilikuwa imepokelewa, na akaomba ichapwe nakala mbili, moja ya mama yake.

6.0 Tatizo la ngeli kwa mtafsiri

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiziandike kauli hizi katika programu zenyewe. Zinaweza kuandikwa. Programu nyingi huria huhifadhi jumbe zake katika mafaili ya jozi: msgid ni ujumbe wa asili, msgstr ni tafsiri. Mtafsiri huona sentensi pekee, bila skrini wala muktadha, na mara nyingi ndani ya sentensi kuna alama ya %s, ambayo mahali pake patajazwa neno lisilojulikana kabla.

Kwa Kiingereza hilo si taabu. Kwa Kiswahili, upatanisho wa kisarufi hukwama. Tukitafsiri "%s haipatikani", sentensi itakuwa sawa pale %s ikiwa seva au ruta, lakini itakuwa kosa ikiwa mtandao, kiolesura au lango. Nimeona watafsiri wakichagua ngeli ya I-ZI kwa kila kitu, wakitumaini kwamba msomaji atasamehe. Njia bora ni kuitanguliza nomino ya jumla ili ndiyo itawale upatanisho: "Kifaa %s kimezimwa", "Anwani %s haiitiki", "Jina %s halijatambulika". Sentensi hurefuka kidogo, lakini upatanisho hubaki mzima.

Njia hiyo ina gharama. Ni lazima mtafsiri ajue %s itabeba kitu gani, na ili ajue, inampasa afungue msimbo wa programu au amuulize aliyeuandika. Ndiyo maana naona kazi hii haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake katika ofisi yake, wala na mhandisi peke yake. Chumba kile cha Silibwet kilikuwa na vyote viwili kwa bahati tu.

7.0 Ujumbe ulioandikwa upya

Kabla ya kuondoka, nilimwomba kijana amwandikie tena mwenye kuuza huduma. Mara ya kwanza aliandika "mtandao umerudi lakini ruta ni mbaya". Tukaufuta. Ujumbe uliotumwa ulikuwa huu:

"Tundu la kwanza la ruta limeungua baada ya radi ya leo mchana. Halitoi ishara hata waya ikibadilishwa. Tundu la pili linafanya kazi, na intaneti inafikika."

Jibu lilikuja kabla hatujafunga mlango: ruta nyingine ingeletwa asubuhi, na je, angependa waletewe pia kifaa cha kukinga waya dhidi ya radi?

Kijana alinigeukia. "Mwalimu, niwaambie waje nacho?"

Nikamwambia awaulize bei kwanza.